Kombe Kiunoni mwa Levina

Levina wa Kwihara ni mtu wa usafi. Kila Jumatatu hufagia uwanja, husugua masufuria kwa majivu, kisha hufuta vumbi chumbani kwa mama mkwe wake, Kabula. Jumatatu ile alifuta kwa nguvu mno. Kibangwa kilianguka kutoka ukutani, kikavunjika vipande viwili.

Kibangwa ni kidani cheupe cha mviringo, kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini. Hiki kililetwa na wapagazi wa misafara, enzi za babu yake Kabula. Katika ukoo wao, mjukuu wa kwanza wa kike huvishwa kibangwa siku ya kupewa jina. Binti wa Levina alikuwa avishwe Jumamosi. Ndugu wa Igunga walikuwa wamekwisha kualikwa.

Mtu mwingine angekwenda kusema ukweli. Levina hakuwa na ubavu huo. Alivificha vipande ndani ya debe la unga, akampigia simu kaka yake Samweli, anayeuza samaki Dar es Salaam. Alimwomba kombe kubwa lenye umbo kama pia ya watoto, lisilo na mkwaruzo hata mmoja, ili akate kibangwa kipya. Samweli akamwagiza mzamiaji. Alhamisi asubuhi kombe likafika stendi ya Tabora kwa basi, limefungwa kwenye kitambaa chenye maji ya bahari ili rangi isififie.

Lilikuwa zuri kweli, jeupe lenye madoa ya kahawia. Levina alilifunga kwenye pindo la kanga, akalichomeka kiunoni ili mama mkwe asilione. Akapanda bodaboda mpaka Kwihara. Hakuingia kwake. Alipitia kwa jirani yake Advera kuazima msumeno wa chuma.

Advera alifanya kazi miaka tisa kwenye hifadhi ya bahari, kule kisiwani Mafia. Ni mcheshi, hakosi neno la kumtania mtu. Alimuuliza Levina kama uvimbe ule wa kiunoni ni mtoto wa pili, na mbona amekaa upande. Levina akacheka, akamweleza yote, kisha akapeleka mkono kufungua pindo.

"Toa mkono hapo," Advera alisema. Utani ulikuwa umekwisha. "Usiliguse. Usikae. Simama hivyo hivyo."

"Ni kombe tu, dada."

"Ndani yake kuna konokono, na kanga yako ina maji. Huenda yu hai. Ana jino kama sindano, lina sumu, na linapenya nguo. Wengine wakikuchoma unashindwa kupumua. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Mtu aliyechomwa hatakiwi kutembeatembea, anawahishwa hospitali asaidiwe kupumua."

Levina aliondoa mkono. Alihisi unyevu tumboni, asijue kama ni maji au ni mnyama anatoka. Tangu stendi alikuwa amelibana kombe lile kwa kiwiko. Alimfikiria mtoto wake aliyekuwa bado ananyonya. Aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mama mkwe.

Advera alileta ndoo na koleo la kushikia makaa. Aliishika ncha ya pindo, akavuta polepole. Kombe lilikwama kwenye mkunjo wa kanga. Wakatulia. Akavuta tena. Pindo likachomoka, likaning'inia ndani ya ndoo, naye akalilegeza fundo kwa koleo mpaka kombe likadondoka. Walisubiri. Mrija mdogo wa konokono ulichomoza kwenye ncha ya kombe, ukageuka huku na huku.

Levina alikaa chini, akalia.

Alipotulia, Advera alimweleza kwamba konokono yule huishi kwenye matumbawe. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana, kwa miaka mingi. Wanaotafuta makombe huyapindua na kuyavunja, na humo ndimo samaki wadogo hujificha. Yakivunjika, samaki hupungua, na mvuvi hurudi mikono mitupu. Hata kombe tupu lina kazi, kwa kuwa kaa wadogo huhamia humo.

"Tunaweza kumrudisha?" Levina aliuliza.

"Bahari iko mbali, mdogo wangu. Atafia hapa."

Mchana ule Levina alimpigia Samweli. Kumbe alikuwa ameagiza mengine sita, akitarajia wateja wa Tabora. Alibisha kwamba konokono ni konokono tu. Levina alimsimulia safari yake ya bodaboda. Samweli akaahidi kumzuia mzamiaji asichukue tena viumbe hai. Ndipo Levina akalibeba debe la unga, akaenda chumbani kwa Kabula, akamweleza yote.

Kabula alifoka, kama ilivyotarajiwa. Kisha alivipangusa unga vipande vile, akataka kulijua na lile kombe la ndooni. Ijumaa jioni konokono alikufa.

Jumamosi mtoto alivishwa kipande kikubwa, kilichotobolewa tundu jipya na Advera. Ndugu wa Igunga wakauliza kwa nini hakikutafutwa kizima.

"Hiki kimevunjika, lakini ni chetu," Kabula alisema. "Lile kombe jingine lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ndani."