Mawinguni na Mkono wa Gia

Kila Jumamosi asubuhi, Mawinguni alifagia uani, akamwagilia maua, kisha akaingia ndani ya gari kuukuu la mama yake kuota. Jina hilo alipewa na mjomba wake, fundi magari, kwa sababu ukimtuma chumvi, binti huyo aliweza kukuletea sabuni. Jua lilipenya kwenye kioo chenye vumbi, likamlalia mapajani kama paka.

Mama yake alikuwa mkunga, na gari hilo ndilo lililomfikisha kwa wajawazito wa mlimani. Lakini siku hizi mkono wa gia ulikuwa umelegea, ukichezacheza kama jino bovu. Ukitafuta gia ya pili, unapata ya nne.

"Ni bushi," mjomba alisema kutoka chini ya gari, akatoa mkono kumwonyesha kipande cha plastiki kilicholika. "Inashikanisha rodi ya gia na giaboksi. Ikilika, mkono unasema hivi, giaboksi inasikia vile. Kama mama yako akikutuma dukani!"

Mawinguni alicheka. Mjomba akaweka bushi mpya, akaifunga kwa pini.

"Haya, mpwa wangu, kanyaga klachi. Ingiza gia moja moja, uniambie kila moja imeingiaje. Ya kwanza?"

"Imeingia."

"Ya pili?"

"Imeingia."

Mkono ulikuwa laini sasa. Mawinguni akaliona gari likipaa taratibu juu ya mapaa ya mabati, juu ya nyaya za umeme, na mawingu yakifunguka kama mapazia.

"Ya tatu? Ya nne?" Sauti ya mjomba ilitoka mbali, kama kisimani.

"Ndiyo."

"Na rivasi?"

"Ndiyo, mjomba." Tangu ile ya pili, hakuwa ameugusa tena mkono wa gia.

Mara mama akatoka ndani mbiombio, mkoba begani. "Kuna mama ameshikwa na uchungu kule mlimani. Gari tayari?"

"Tayari, dada," alijibu mjomba, akifuta mikono.

Mawinguni alishuka, akampisha mama kwenye usukani. Akisema, ataonekana mzembe. Akinyamaza... Aliiona ile barabara ya mlimani, kona zake na korongo lake. Safari hii hakuwa akiota. Mama akawasha gari.

"Mama, ngoja!" Alishika mlango. "Sikuzijaribu gia zote. Nilisema ndiyo tu. Akili yangu haikuwapo."

Mama alitazama saa, akamtazama mwanawe, kisha akazima gari na kushuka. Mjomba alirudi chini ya gari, na Mawinguni akakaa kwenye usukani. Gia ya tatu iliingia. Alipotafuta ya nne, kitu kililia *tak!* na mkono ukalala kama umezimia.

"Pini imechomoka!" mjomba aliita. "Sikuizamisha vizuri. Kosa langu pia."

Aliizamisha mpaka mwisho, wakajaribu upya. Sasa Mawinguni alisikiliza kwa kiganja chake, gia moja baada ya nyingine, rivasi ikiwa ya mwisho. Zote ziliingia barabara. Mama akaondoka.

Alirudi jioni, amechoka, anatabasamu. "Mtoto wa kike, na kilio chake kama honi!"

Akaketi kizingitini na binti yake.

"Kuota si kosa, mwanangu. Lakini mtu akikuuliza, shuka kwanza huko juu ndipo umjibu. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Ukweli ukitangulia safari ni msaada. Ukifuata nyuma, mara nyingi hukuta msiba."