Kitabu Alichokunywa Bibi

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Vita vya Maji Maji viishe. Katikati ya soko la Songea, Theodosia alimkanyaga Daimu mguu, na ulezi wake ukamwagikia kanzu ya watu.

"Pole, kaka. Sikukuona."

"Na urefu wote huu?" Daimu akacheka, akikung'uta vitabu vyake vitatu.

Alikuwa Myao wa Tunduru, msimulizi. Akifungua kitabu, hata wauza kuku walisahau kuku. Theodosia, binti wa misheni, kaniki kifuani na msalaba shingoni, alijua herufi za Kizungu tu. Zile za Kiarabu, za vitabu vya Daimu, aliziona kama sisimizi wanaohama.

"Kipi unakipenda zaidi?"

"Njoo soko lijalo nikwambie," Daimu akamjibu.

Akaja soko lile na yote yaliyofuata, bibi yake akimsindikiza. Jibu hakupewa, moyo alipewa.

Daimu aliposafiri kwao alimwachia vitabu. "Nitunzie, mpenzi. Kimoja cha dua, kimoja cha nyota, kimoja hadithi zangu za miaka tisa." Kipi ni kipi, hakusema.

Bibi akashikwa na homa. Theodosia alishasikia kwamba kwa Wayao dua huandikwa, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Akachagua kitabu kilichochakaa kuliko vyote: kilichoshikwa sana ndicho chenye nguvu! Wino wa masizi ukatoka, bakuli baada ya bakuli.

Daimu aliporudi alikuta kurasa tupu.

"Miaka yangu tisa iko tumboni mwa bibi yako!"

"Nilidhani dua, Daimu wangu."

"Usiniite wako."

Akabeba mzigo. Alipofika uani akasikia sauti: bibi, mzima kabisa, anawasimulia watwanga mahindi habari za fisi aliyeposa mwezi. Neno kwa neno, hata kikohozi cha Daimu kilikuwemo.

Mzigo ukamdondoka. "Shikamoo, bibi. Umezikumbukaje?"

"Marahaba. Kwani sokoni nilifuata kuku? Ila sema nimezinywa, itanoga. Maji ya vita yalituua, haya yameniponya. Mwisho wa fisi nimeubadilisha, wako ulikosa chumvi."

Daimu akaketi, akashusha pumzi ndefu, akatoa kalamu. Siku nane bibi alisema, yeye akaandika, Theodosia akinakili kwa herufi zake.

Siku ya tisa Theodosia akamchokoza: "Hujanijibu bado. Kipi unakipenda zaidi?"

"Kile pale kinachonusa ugoro." Akamwonyesha bibi kwa kidevu. "Na kwa kuwa hakihamishiki, nihamie mimi. Utanikubali, Theodosia?"

"Nilikukubali ulipojaa ulezi."

Bibi akapiga chafya. "Padri na shehe mtawaambia nini?"

"Hadithi," Daimu akajibu.

"Basi ya fisi. Lakini kwa mwisho wangu."