Kwanga ya Marehemu Berthe

Katika komini yetu, pale mji wa Kisangani unapoishia na mashamba ya njia ya Bengamisa yanapoanza, kuna kitu kimoja ambacho hata wenye magari hushuka kukitafuta, nacho ni kwanga. Ni muhogo uliolowekwa, ukapondwa, ukafungwa kwa majani na kuchemshwa. Kila mama mpishi ana shimo lake kando ya kijito, alilorithi kwa mama yake, na humo huloweka muhogo siku tatu nne mpaka ulainike. Mashimo hayo yananuka. Sisi tumezoea na tunaiita harufu ya kazi, ila mgeni hupita ameziba pua.

Mwiko ni mmoja tu. Mwenye shimo akifa, muhogo aliouacha majini hauguswi. Ni wake, atakula njiani. Shimo hufunikwa majani mpaka mvua kubwa zilisafishe, ndipo ukoo wake humchagua wa kulirithi.

Daniella, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliujua mwiko huo tangu utotoni. Msije mkamwonea huruma mkidhani alikosea kwa ujinga.

Mwaka huu ofisi ya komini, serikali yetu ya wilaya, ilitangaza siku ya urithi. Kila mtaa ulete kitu unachojulikana nacho, na jina la fundi wake liandikwe katika kitabu cha komini. Mtaa wetu ulijulikana kwa kwanga, na kwanga yenyewe ilikuwa ya mama Berthe, nyeupe, ya kuvutika, yenye uchachu wa kiasi. Lakini Berthe tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma. Daniella alikuwa amepika ubavuni mwake miaka ishirini, akisifiwa wa pili kila siku, na sasa alitaka jina lake ndilo liandikwe kitabuni. Siku mbili kabla ya sherehe akaukuta muhogo wake majini bado mgumu, haupondeki.

Mchana huo, wenzake walipokwenda kupumzika, aliyaondoa majani juu ya shimo la Berthe.

Muhogo wa wiki tatu majini ulipaswa kuwa uji mweusi wenye funza. Daniella alijiandaa kutapika. Akatia mkono mpaka kiwikoni. Maji yalikuwa vuguvugu, mazito, yakiteleza kama kamasi. Chini yake muhogo ulikuwa mzima, mweupe, laini vilevile unavyotakiwa. Akautoa wote, beseni mbili zikajaa. Maji ya shimo hayakushuka hata kidogo.

Nyumbani akaponda, akaanza kukanda. Akakuta unywele. Mrefu, wa mvi. Akauvuta, ukaja na mwingine. Kila donge lilikuwa na nywele zake, naye akazichomoa moja moja na kuzipangusa kwenye kitenge. Katika donge la mwisho akakuta ukucha mzima wa dole gumba, kinyama kidogo bado kimeshikilia. Mtu mwenye haya angemwaga vyote chooni. Daniella aliutupa ukucha uani, kuku wakaugombania, naye akafunga kwanga zake arobaini.

Siku ya sherehe watu walizimaliza karibu zote. Octave, karani wa komini, alikula tatu, akafumba macho na kusema, "Hii iko ya Berthe kabisa." Jina la Daniella likaandikwa kitabuni, watu wakapiga makofi. Akavimba kichwa pale pale.

Ndipo akafika Benie, binti yake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minane. Alikuwa na njaa. Akachukua kwanga mezani na kuanza kuifungua majani. Daniella alinyoosha mkono amzuie. Lakini angemzuia kwa sababu gani, mkuu wa komini akiwa amesimama pale? Akaurudisha mkono.

Benie akala. Alitafuna muda mrefu, kisha akaingiza vidole mdomoni na kuvuta. Unywele wa mvi ukatoka. Ukaendelea kutoka, urefu wa mkono mzima.

"Mama, nywele yako," alinong'ona akicheka, asimwaibishe mbele ya watu.

Kichwani mwa Daniella hakukuwa na mvi hata moja. Benie alichukua kwanga ya pili.

Tangu siku hiyo binti akakataa wali, akakataa samaki, akakataa hata ndizi. Siku ya tatu mama yake alimkuta amepiga magoti kwenye kijito, anakunywa maji ya shimo la Berthe kwa viganja, ute ukimning'inia kidevuni. Pumzi yake ilinuka shimo. Daniella alimfuta mdomo kwa kitenge huku akigeuza uso, na hofu ya mtoto aliye tumboni ikamwingia sawasawa.

Akaenda kwa Bavon, kaka mkubwa wa Berthe, akamweleza kila kitu. Mzee alisikiliza, akatema mate pembeni.

"Rudisha ile ulikamata," alisema.

"Papa, watu walishakula."

"Bon. Weka muhogo yako yote kwa shimo yake. Na ile jina, useme mbele ya watu kama haiko yako. Ufanye vile mbele mutoto hajazaliwa, mama Benie."

La kwanza Daniella alilifanya siku ileile. Muhogo wake ulizama bila povu. La pili akaliahirisha. Kwanza ofisi ilikuwa imefungwa. Kisha mvua. Kisha komini ikamletea cheti chenye muhuri, akakitundika ukutani, na kila alipokitazama akajiambia kesho. Siku kumi zikapita hivyo, na Benie akashikwa na uchungu kabla ya wakati.

Alizaliwa msichana, akalia vizuri. Mkunga alimwosha, kisha akasita na kunusa. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vilivyokaa majini wiki nzima. Kucha zilikuwa ndefu. Chini ya kila ukucha palikuwa pameshindiliwa muhogo uliooza. Mkunga aliukwangua kwa kijiti cha kiberiti, na chumba kizima kikanuka.

Daniella hakungoja. Alikimbia peku mpaka komini, na mbele ya Octave na watu waliokuwa wakisubiri karatasi zao akasema yote: shimo, nywele, ukucha. Mama mmoja alitapika mlangoni. Octave alifuta jina kitabuni, akaandika la Berthe. Hakumtazama Daniella tena. Wala sisi hatumtazami.

Aliporudi, Benie alikuwa ameketi kitandani, anatabasamu. Kucha za mtoto zilikuwa zimejaa upya.

Sasa mtoto ana miezi miwili. Kila asubuhi Daniella humkwangua kucha, na kufikia mchana zimejaa tena. Ziwa la mama yake amelikataa tangu siku ya kwanza. Hunyonya vidole vyake, kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka vyote kumi viwe safi. Na ananenepa.