Matairi ya Pingtala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Firdausi aliosha gari la baba yake, na ole wake mtu atakayemwambia kwamba hiyo si kazi ya msichana. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, mwepesi wa kujibu, na gari lile, Noah ya rangi ya fedha, alilijua kuliko alivyolijua jedwali la kuzidisha. Baba yake, Mzee Nurudini, alilitumia kubeba abiria kutoka mjini Kasulu kwenda Kabanga. Wengi walikuwa wagonjwa na watu wanaokwenda kuwaona hospitalini, na mabeseni yao ya chakula yalimwaga mchuzi kwenye viti. Ndiyo maana gari lilihitaji kuoshwa kila siku.

"Umeyapiga teke?" baba aliuliza siku zote, kikombe cha chai mkononi.

"Nimeyapiga, baba. Yote yameitika."

Tairi lenye upepo wa kutosha ukilipiga teke huitika "du!" Lisilo na upepo hunyamaza, na mguu wako huzama kidogo. Baba alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo, na Firdausi aliipenda kazi hiyo kuliko hata kula.

Mwaka huo mvua za mwezi wa tatu zilikuja kwa hasira. Matairi ya Noah yalikuwa yamelika mpaka yakawa vipara, hayana hata kashata moja, yale meno ya mpira ya kushika tope. Asubuhi moja gari liliteleza taratibu, baba akiwa amekanyaga breki hadi mwisho, likaenda kusimama mbele ya meza ya muuza maandazi. Hakuna aliyeumia, ila yule mama alimwambia Mzee Nurudini maneno ambayo hayaandikwi kwenye kitabu cha shule.

"Basi," alisema baba, akijifuta jasho. "Twende kwa shangazi yako."

Shangazi Zuhra, dada yake baba, aliuza matairi karibu na stendi. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka bega linatikisika, lakini akiingia kwenye biashara hana mzaha.

"Hizi ni Granador," alisema, akigonga rundo la kwanza. "Jina kubwa. Zikiwa mpya ni matairi mazuri sana, sikudanganyi. Ila kwa bei yake, kaka, utauza gari ndipo uyanunue."

"Na zile Granador za mtumba zinazokuja kwa njia ya mpakani Manyovu? Nasikia ni bei poa."

"Zimetembea kwa watu huko, zikachoka, sasa zinakuja kwako kupumzika!" Shangazi alicheka. "Na wewe unataka kuzipakia wagonjwa? Hapana. Chukua hizi." Akaviringisha tairi jeusi, jipya, linalonuka mpira. Ubavuni pameandikwa kwa herufi ndogo: PINGTALA.

Baba alikunja uso. "Ping nini?"

"Pingtala. Daraja la kati. Hazina jina, lakini nimewauzia madereva wa Kibondo na wa hapa, na hakuna aliyerudi kunigombeza. Si kila jina geni ni zuri, wallahi. Kuna mengine nimeyakataa yakiwa bado juu ya lori. Hili nimelikagua. Firdausi, chuchumaa hapa."

Firdausi alichuchumaa. Shangazi alimwonyesha namba ya kipimo cha tairi, akamwonyesha na nyingine inayosema tairi linaweza kubeba mzigo kiasi gani. Kisha akaweka kidole kwenye tarakimu nne zilizozungushiwa duara.

"Mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi huzeeka hata likiwa limelala ghalani. Mpira ukizeeka hukakamaa, hupasuka nyufa kama magaga ya kisigino. Wengi husoma jina tu, mwaka hawauangalii. Wewe usome vyote."

Matairi ya Pingtala yakafungwa, na asubuhi iliyofuata Noah ikapanda kilima chenye tope kwa utulivu. Abiria walifika Kabanga bila kupiga dua hata moja. Baba alifurahi, akaimba njia nzima ya kurudi.

Aliyeharibu furaha hiyo ni Fidele. Fidele na dada yake Rosa walisoma darasa moja na Firdausi, watoto wa Mzee Niyonzima, jirani yao, ambaye naye alikuwa na Noah. Wazazi wake Mzee Niyonzima walikuja kutoka Burundi zamani, na yeye mwenyewe alikuwa Mtanzania na mkulima wa maharage. Gari lake lilifanya kazi siku za soko tu. Fidele aliinama, akasoma ubavu wa tairi, akaangua kicheko.

"Pingtala! Hili ni tairi au dawa ya mafua?"

Kufika mchana shule nzima ilikuwa na habari. "Pingtala, futa ubao!" "Pingtala, pisha njia!" Hata Rosa, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alicheka kidogo halafu akaziba mdomo. Firdausi alijibu kwa ukali, lakini moyoni iliuma. Aliona kana kwamba wamemcheka baba yake.

Jumamosi akapata dawa ya aibu yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kopo la rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka geti. Akachukua brashi nyembamba, akayasiliba yale maneno madogo kwa kiwi nyeusi ya viatu, kisha kwenye kila tairi akaandika kwa herufi kubwa, nadhifu, za kupendeza: GRANADOR.

Baba alipoliona gari alisimama, mikono kiunoni. Firdausi akasubiri kugombezwa. Lakini baba alicheka.

"Umelipamba kweli! Haya, acha likae hivyo. Abiria watapenda."

Na abiria walipenda. Dereva mmoja hata alipiga saluti. Fidele alidhani matairi yamebadilishwa, akaacha utani, na jina la Pingtala likafa shuleni. Firdausi akatembea kifua mbele.

Jioni moja akiwa anasuuza matambara, Mzee Niyonzima alipita, akasimama, akayatazama matairi kwa hamu.

"Shikamoo, Baba Rosa."

"Marahaba, mwanangu. Ego, naam, kumbe ni Granador! Zinashikaje kwenye tope?"

Hapo, msomaji wangu, palikuwa pahala pa kusema ukweli. Neno moja tu lingetosha. Lakini Fidele alikuwa nyuma ya baba yake, amekaza macho, na ulimi wa Firdausi ukateleza kuliko gari lenye matairi ya vipara.

"Zinashika vizuri sana. Granador ni Granador, mzee."

"Nilijua tu," alisema Mzee Niyonzima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bi Zuhra alinishauri ninunue majina nisiyoyajua, nikamkatalia. Namsafirisha Ininahazwe wangu kwenda kuolewa, lazima nifunge kitu chenye jina."

Ininahazwe alikuwa binti yake mkubwa, na harusi ilikuwa Kibondo mwishoni mwa mwezi. Kijiji cha bwana harusi kilikuwa kimeshaandaa ngoma. Kwa mila yao, bibi harusi hatakiwi kuchelewa wala kufika amepanda gari la kuazima kwa mtu asiyejulikana. Baba mzazi ndiye anayempeleka, na akina mama wa kwaya humsindikiza kwa nyimbo.

Siku ya harusi uwanja wa akina Niyonzima ulijaa watu tangu alfajiri. Familia ya Firdausi nayo ilialikwa, na Shangazi Zuhra alikuja na kitenge kipya na sauti yake kubwa. Kreti za soda zilikuwa zimepangwa kwenye buti ya gari la Mzee Niyonzima. Mikungu ya ndizi ilifungwa juu. Akina mama wanane wa kwaya walikuwa wanabanana ndani, na bibi harusi, kwenye gauni jeupe, alikuwa anatafuta pa kuweka miguu.

"Njoo uone!" Fidele alimvuta Firdausi mkono. "Na sisi tuna Granador! Baba amezitoa Manyovu jana."

Firdausi alitabasamu, na kwa mazoea tu akalipiga tairi la nyuma teke. Liliitika, lakini si "du!" Liliitika kwa sauti kavu, kama debe. Akachuchumaa. Jina lilikuwepo, kubwa, la kiwandani kabisa, na kashata zilikuwa bado ndefu. Lakini ubavuni zilitambaa nyufa ndogondogo. Akatafuta lile duara la tarakimu nne. Mbili za mwisho zilikuwa 11, yaani mwaka 2011.

Tairi lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye!

Injini ikawashwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Firdausi aliwaza haraka: akisema, Fidele atajua, Rosa atajua, shule nzima itajua, na aibu itakuwa mara kumi ya ile ya kwanza. Asiposema, Ininahazwe na akina mama wanane watateremka milima ya kwenda Kibondo juu ya mpira uliokauka, na yeye ndiye aliyemwambia Mzee Niyonzima kwamba Granador ni Granador.

"Simamisheni!" alipiga kelele, akakimbia mbele ya gari, mikono juu. "Baba Rosa, zima gari! Nilikudanganya!"

Vigelegele vilikatika. Mzee Niyonzima alichungulia dirishani. "Mana yanje, Mungu wangu! Mtoto huyu ana nini?"

Firdausi alikuwa analia tayari, lakini alisema yote. "Matairi ya baba si Granador. Ni Pingtala. Niliyapaka rangi kwa sababu ya kuchekwa. Ukanunua haya kwa ajili ya uongo wangu. Na haya ni mazee, yametengenezwa kabla sijazaliwa. Ningetakiwa kuyaamkia shikamoo!"

Watu wengine walicheka, lakini Mzee Niyonzima hakucheka. "Haya ni Granador halisi," alisema kwa ukali. "Yana jina, yana kashata. Tunachelewa."

"Tusibishane, Baba Rosa," alisema Shangazi Zuhra, akijipenyeza katikati. "Duka langu liko njiani. Washushe akina mama watembee kidogo, sote tukaonane pale. Tairi lenyewe litasema."

Dukani, Shangazi aliwasogeza watu wote mbali, akamwambia fundi wake atumie mpira mrefu wa upepo na ajaze kiasi kinachotakiwa kwa mzigo ule, asizidishe. Upepo ukaingia, ukaingia, na ghafla ubavuni mwa tairi pakaanza kutokea nundu. Ikakua kama embe dogo.

"Toa upepo! Toa!" alifoka Shangazi.

Mzee Niyonzima aliitazama ile nundu, kisha akamtazama binti yake kwenye gauni jeupe. Akavua kofia. Hakuna aliyehitaji kumweleza kitu.

"Baba Firdausi," alisema polepole, "je, hizo Ping... hizo zako, zitafika Kibondo?"

"Zitafika na zitarudi," alijibu Mzee Nurudini. "Nazo zimezoea wagonjwa, kwa bibi harusi hazitashindwa. Usukani chukua wewe. Baba mzazi ndiye anayempeleka binti yake, na mimi si mtu asiyejulikana."

"Subirini," alisema Firdausi, akijifuta machozi kwa mkono wa gauni. "Gari letu halitoki hivyo hivyo."

Akaomba petroli kidogo na kitambaa, akapiga magoti kwenye tairi la kwanza la Noah yao, iliyokuwa imewafuata hadi dukani, akaanza kusugua ile G. Punde akahisi mtu kachuchumaa pembeni. Alikuwa Fidele, na kitambaa chake.

"Mimi ndiye niliyeanza," alinong'ona. "Dawa ya mafua ilikuwa ya kijinga."

"Ilikuwa ya kuchekesha kidogo," alisema Firdausi. Wakasugua pamoja, Rosa naye akaja, na akina mama wa kwaya wakaanza kuwaimbia wafanye haraka.

Shangazi alifunga matairi mengine kwenye gari la Mzee Niyonzima, Mzee Nurudini akaliendesha na mizigo yake, na magari yote mawili yakafika Kibondo ngoma zikiwa ndiyo kwanza zinapashwa moto. Ilinyesha njiani, tena kwelikweli. Noah haikuteleza hata mara moja.

Baada ya chakula, Mzee Niyonzima alisimama kuwashukuru wageni. Alimaliza kwa kumwita Firdausi mbele, akamshika bega. "Mtoto huyu alinidanganya," alisema, na Firdausi akatamani ardhi impokee. "Lakini alipoona hatari, alichagua kuaibika yeye ili mwanangu afike salama. Wakubwa wangapi tungeweza? Pigeni makofi!"

Makofi yalipigwa. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Pingtala oyee!" na safari hii Firdausi aliitikia, "Oyee!" kwa nguvu kuliko wote.

Walipokuwa wanarudi Kasulu, Shangazi Zuhra alimweka karibu yake kwenye kiti.

"Umejifunza kusoma tairi, sasa sikia na hili," alisema. "Kitu chenye jina dogo kinaweza kufanya kazi kubwa, na kitu chenye jina kubwa kinaweza kuwa kimeoza. Ndiyo maana tunakagua. Lakini mtu akiandika jina la uongo, hata anayejua kukagua hupotea, kwa kuwa amekuamini wewe. Uongo wako haukai nyumbani kwako, mwanangu. Hupanda gari, ukaenda kumkuta asiyekukosea."

Mzee Nurudini alikohoa. "Na mimi niliiona rangi ile nikacheka, kwa sababu abiria walinisifia. Kosa ni letu wawili, Firdausi. Mzazi akichekea uongo mdogo, ameulea."

Jumatatu asubuhi jua lilitoka safi baada ya mvua. Firdausi alisuuza Noah, akaifuta vioo, akazunguka matairi moja baada ya jingine.

"Umeyapiga teke?" aliuliza baba, kikombe mkononi.

"Nimeyapiga, baba. Yote yameitika."

"Kwa jina gani?"

Firdausi alicheka, akatupa tambara kwenye ndoo. "Kwa jina lao, baba."