Fomu ya Majaribio ya Emiliana

Haya yalimpata rafiki yangu Emiliana, pale Masuguru, Korogwe, mchana wa mvua kubwa. Kazi yake ni kuandika miongozo ya kuiwezesha akili mnemba kufungua kurasa za mtandao na kujaza fomu yenyewe. Siku hiyo alitengeneza fomu ya majaribio, akaiagiza programu ijaze majina ya kubuni.

Umeme ukakatika. Chumba kikawa giza na taa ya modemu ikazimika. Ikabaki mvua juu ya bati na kompyuta inayotumia betri. Bila mtandao programu ile haifanyi kazi, lakini herufi ziliendelea kujitokeza.

Jina: Simeo.

Emiliana akashtuka. Simeo ni mdogo wake, aliyeondoka alfajiri kwenda machimbo ya dhahabu Handeni, na Emiliana hajawahi kuliandika jina hilo kwenye kompyuta ile. Akampigia simu. Hakupatikana.

Programu ikashuka kwenye sehemu ya ujumbe: "Dada, maji yamefika kifuani."

"Mama, Simeo alisema anachimba shimo gani?" Emiliana akapaza sauti.

"Hakusema," mama yake akajibu kutoka jikoni. "Kwani kuna nini?"

Emiliana akafuta kila kitu. Herufi zikarudi moja moja, polepole: "Dada, shingoni."