Mume Wangu Haujui Mfumo Mpya

Jua lilikuwa limezama, na dada fundi wa kompyuta alikuwa ameshika kufuli mkononi, mama mmoja alipoingia na kompyuta mpakato mpya kabisa, nailoni bado haijabanduliwa.

"Mwanangu, nitolee huu mfumo mpya. Niwekee ule wa zamani."

Fundi akacheka. Miaka tisa ya kazi, kila mtu alitaka kipya. "Mama, utakuwa unairudisha nyuma bure."

"Mume wangu haujui huu mpya."

"Basi mwambie aje, nitamwelekeza."

"Angeweza kuja," mama akajibu kwa sauti ya chini, "nisingekusumbua."

Fundi akaguna, akachomeka flashi, akafuta kila kitu. Diski ilibaki tupu, alihakikisha mwenyewe. Mfumo wa zamani ukaanza kupanda. Asilimia kumi... arobaini... Feni ikanguruma. Halafu ikaja harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa punde.

Kioo kilipowaka, fundi alisubiri kuulizwa jina la mtumiaji. Hakuulizwa. Jina lilikuwepo tayari.

*Baba Pacha.*

Mama akainama, midomo karibu iguse kioo. "Umefika?"

Tak. Tak. Tak.

Vitufe vilikuwa vikizama vyenyewe.

*nimefika. huyo nani*

"Ni fundi tu. Amekufungulia."

*mama yake yuko nami huku. anauliza mbona hakupokea simu*

Fundi akausoma tena ule mstari. Mama yake alifia wodini miezi miwili nyuma, na simu saba alizompigia siku ile hazikupokelewa. Hakuna aliyejua. Hata kaka yake hakuambiwa.

Akakandamiza kitufe cha kuzima. Kioo hakikuzima. Yule mama ndiye aliyekifunika, taratibu, akaipakata mashine kama kichanga.

"Ile yake iliungua," akanong'ona. "Mwezi mzima sijamsikia. Kwenye huu mpya hawapiti."

"Akina nani, mama?"

Mama alikuwa ameshatoka.

Siku tatu fundi alijikaza. Ya nne, jioni, alijifungia dukani, akaifuta kompyuta yake mwenyewe, na kazi za wateja zote zikaenda na maji. Akapandisha mfumo wa zamani. Harufu ile ikaja.

"Mama?" Machozi yalimchuruzika. "Nisamehe. Nililala."

Vitufe vikazama. Harakaharaka, kama chini ya vidole vya karani wa miaka mingi.

*nimekusamehe mwanangu. nitajie jina lako kamili nije*

Akalitaja. Majina yote matatu, kwa kwikwi, kabla akili haijamrudia.

Mama yake hakuwahi kugusa kompyuta maishani.

Na jina lile, yeye ndiye aliyempa.

Kioo kikazima chenyewe. Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, mbao zikalia... kama mtu anayekaa.