Kitambaa Ndani ya Besi

Ukumbi ulikuwa katika vurugu za kabla ya harusi. Watu wa mapambo wako juu ya ngazi, wapishi wanapishana na masufuria, viti vinaburutwa sakafuni mpaka meno yanauma. Katikati ya hayo yote, dada mmoja aliyevaa suruali ya kazi yenye mifuko mingi, kichwani kitambaa cha rangi ya machungwa, alikuwa amepiga magoti mbele ya jukwaa akibandika waya sakafuni. Watu walimwita Mitambo. Kazi ya vyombo vya sauti aliirithi kwa marehemu baba yake, na pale ukumbini hapakuwashwa kipaza sauti bila mkono wake.

Akaona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vimesimama mbele ya pua yake. Akainua macho taratibu: suruali iliyonyooshwa, shati jeupe, miwani yenye fremu nene, na begani mfuko mdogo wa nguo ngumu.

"Samahani, dada. Mimi ndiye mpiga besi wa leo. Yule wa siku zote anaumwa, wanatafuta wa kushika nafasi yake."

"Karibu. Na hilo besi linakuja na gari gani?"

"Ndilo hili."

Akafungua zipu, akatoa kitu cha mbao ya kahawia, kifupi kuliko mkono wa mtu, chenye nyuzi nne nene nyeusi. Mitambo alikaa chini kabisa ili aweze kucheka vizuri.

"Kaka yangu, leo wanakuja wageni mia tatu. Mwenye hicho kigitaa umemwacha wapi, chekechea?"

"Mwenyewe ndiye mimi. Wewe nipe waya, kicheko utamalizia baadaye."

Mitambo alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: kitu asichokielewa hakimpi usingizi. Akasogea, akagusa uzi mmoja kwa kidole. "Hizi ni nyuzi au mipira ya kufungia mizigo?"

"Zimetengenezwa kama mpira, ndiyo maana zina sauti nene. Usizivute sana, huwa zinachukua siku nyingi kutulia."

Akapiga noti moja bila waya. Ikatoka sauti ndogo, kama mtu anayegonga kisanduku cha viatu. Kisha Mitambo akachomeka waya, akaenda kwenye meza yake ya sauti, akapandisha njia namba sita kidogo tu. "Haya, mtoto alie."

Noti ile ile ikapita chini ya sakafu na kumpanda magotini. Mtu wa mapambo akageuka juu ya ngazi kutafuta lori limepita wapi.

"Rudia," Mitambo akasema.

"Si ulikuwa unacheka?"

"Rudia kwanza. Radhi nitaomba nikishaelewa."

Akaelezwa: chini ya kile kidaraja kinachobeba nyuzi kuna kipande chembamba kinachosikia mtetemo, na ndani kuna betri ndogo inayousukuma huo mtetemo mpaka kwenye waya. Akataka kujua kila kitu, aina ya mbao, kwa nini nyuzi ni fupi hivyo. Halafu akapandisha sauti mpaka kiwango cha harusi, na spika zikaanza kuunguruma zenyewe, mngurumo mmoja mrefu usiokoma, watu wakaziba masikio.

"Tumbo lake tupu," Mitambo akasema. "Linameza sauti ya spika na kuirudisha." Akavua kitambaa chake kichwani, akakikunja mara nne, akakisokomeza ndani ya tundu la besi. Mngurumo ukakatika. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kwenda nyuma, na yule bwana aliziangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Na kitambaa?"

"Utanirudishia harusi ikiisha."

Harusi iliisha, kitambaa hakikurudi. Bwana alisema alisahau. Mitambo, ambaye hajawahi kusahau ukumbini hata utepe, alisema naye alisahau kudai.

* * *

Mchana bwana huyo alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani, kwa hiyo Mitambo alimwita Miwani, na jina likakaa. Zamani alipiga besi kubwa la umeme, mpaka alipoanguka na kuvunjika mfupa wa bega. Daktari akamkataza kuning'iniza mzigo begani. Mwaka mzima hakugusa uzi, mpaka alipokiona hicho kidude na kukinunua siku hiyo hiyo.

Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta mnene mwenye sauti ya kuamrisha, hakukipenda. "Nakupa shoo tatu," alimwambia. "Kikikuaibisha, uje na besi la watu wazima au ukae nyumbani." Na bega la Miwani halikuwa la kubeba besi la watu wazima. Kwake zile shoo tatu zilikuwa kupiga muziki au kuuacha.

Shoo ya kwanza, ile ya harusi, ilipita salama. Siku nyingine Mitambo ndiye aliyepiga simu, saa yoyote, lakini kila jioni, saa moja, yake ndiyo iliyolia.

"Umekula?"

"Nimekula. Mtoto hajambo?"

"Anakusalimu. Kitambaa chako bado kiko tumboni mwake. Ngoja akuimbie."

Miwani alikuwa na spika ndogo pembeni ya kitanda. Akaiweka simu mbele yake, akapiga. Kwenye simu besi halisikiki vizuri, Mitambo alijua hivyo kuliko wote. Hata hivyo alizima redio, akafunga mlango, akasikiliza.

"Noti ya tatu umechelewa, laazizi," alisema.

"Nilikuwa nakuwaza."

"Wanaume mna maneno. Niwaze ukishamaliza wimbo."

"Na kesho kwenye shoo ya walimu utanifanya nini nikichelewa?"

"Kesho nitakuzima. Utabaki unachezesha vidole kama mtu anayejikuna."

Wakacheka mpaka mama yake Mitambo akauliza kutoka sebuleni kama kuna heri.

* * *

Kwenye shoo ya walimu Miwani alivaa koti la bluu. Mitambo alivaa gauni la kijani chini ya koti lake la kazi, na wanaomfahamu walishangaa, maana hawajawahi kumwona na gauni akiwa kazini. Nyimbo nne zilikwenda vizuri. Katikati ya wimbo wa tano besi likaanza kukwaruza, likafifia, likanyamaza kabisa. Miwani akapiga, kimya. Akatazama waya, upo. Akainua uso kuangalia meza ya sauti, na wenzake wote wakageuka pamoja naye.

Baada ya shoo alimfuata pale pale, mbele ya bendi nzima.

"Umenizima?"

Mitambo alidhani ni utani, akatabasamu. "Mimi?"

"Ulisema jana. Ulisema kesho nitakuzima."

Tabasamu likafa. Kuna tusi moja ambalo mtu wa mitambo halimezi kirahisi. Baba yake alimfundisha kwamba hata ukigombana na mwimbaji saa hiyo hiyo, ugomvi wako hauugusi mkono wako. Angeweza kusema tu, si mimi. Lakini aliona macho ya wapiga muziki, akaona na ya Miwani nyuma ya vioo vyake safi, akachukua waya wa karibu na kuanza kuukunja.

"Betri unabadilisha?" aliuliza bila kumtazama.

"Niliweka mpya wiki mbili tu zilizopita. Wenye duka walisema inamaliza miezi."

"Basi nenda kajaribu nyumbani."

Alijaribu. Usiku huo huo akatuma ujumbe: *Nyumbani linalia vizuri.* Hakuongeza neno. Mitambo aliusoma mara tatu, akaizima simu, akasali na kulala, ila usingizi haukuja.

Kiongozi alisema neno moja tu: imebaki shoo ya Jumapili.

* * *

Siku zilizofuata karakana ya Mitambo ilikuwa kama hospitali. Alipima waya wa siku ile kutoka ncha hadi ncha, mzima. Akafungua njia namba sita, hamna vumbi. Hasira alikuwa nazo, siwezi kumficha, lakini chini ya hasira palikuwa na swali, na swali ndilo lililomkosesha raha: besi lilikufa ukumbini, likafufuka nyumbani. Limekula nini?

Alhamisi akaingia mwanamke mnene mchangamfu, mikono imekunjamana kwa maji ya kufulia. Alikuwa dada mkubwa wa Miwani, mwenye udobi wake mtaa wa pili. Mkononi alibeba kitambaa cha machungwa, kimefuliwa na kupigwa pasi mpaka kona zake zinakata.

"Mwanangu, nimetumwa. Mimi nimemwambia yule mdogo wangu, kitambaa cha mwanamke hakirudishwi na dobi. Hasikii."

"Asante, dada. Kaa kwanza."

"Nikae wapi na mashuka yananingoja." Akakaa. "Mlivyogombana hata simjui. Saa moja ikifika anaiangalia simu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Na kile kidude kinalala naye kitandani tangu mjuane. Nilimwambia chomoa huo waya usije ukajikwaa. Anasema, niache dada, Mitambo anaweza kupiga wakati wowote, nataka akipiga anikute tayari."

Mitambo aliacha kukunja kitambaa. "Waya hachomoi?"

"Mchana na usiku."

"Kwenye besi au kwenye spika?"

"Kwenye besi, mwanangu. Spika ndiyo huwa anaizima."

Mitambo akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Besi kubwa alilozoea Miwani halikuwa na betri. Waya ungekaa humo mwaka mzima usidhuru kitu. Hiki kidogo ni tofauti. Waya ukiingia, betri inaamka, na inabaki macho mpaka uuchomoe. Wiki mbili betri haikulala hata saa moja. Ukumbini ikachoka, ikafa. Ilipobebwa kwenda nyumbani ilipumzika kidogo, ikapata nguvu za kulia dakika kumi kwenye spika ya kitandani, na dakika hizo kumi ndizo zilizomtia yeye hatiani.

Alicheka, kisha macho yakajaa maji. Kumbe ni simu zake mwenyewe zilizoimaliza ile betri.

"Nimwambie nini?" dada mtu akauliza.

"Mwambie kitambaa kimefika."

* * *

Ikabaki Jumapili. Shetani ana kazi yake, naye alimtembelea Mitambo usiku wa Jumamosi. Alimwambia: nyamaza tu. Betri ni ile ile. Ikifika wimbo wa tatu itakufa, na wewe utakuwa umesimama mbali na meza, mikono juu, kila mtu anakuona. Utasafishwa bila kusema neno. Aibu ya shoo ya walimu itamrudia Miwani.

Maneno yale yalikuwa matamu, na Mitambo aliyageuza mdomoni muda mrefu. Ila kila alipoiona ile picha, mikono yake juu, hakuacha kuona na mikono ya mwenzake ikipiga bila sauti, na maisha yake ya kesho bila muziki.

Alasiri ya Jumapili, viti bado vitupu, bendi ilikuwa inajaribu vyombo. Bila kitambaa tumboni, besi liliunguruma kwa noti ya kwanza. Kiongozi akashusha tarumbeta yake. "Mmeanza."

Mitambo akaondoka kwenye meza, akapanda jukwaani na bisibisi ndogo. Leo alikuwa na gauni la njano, na kichwa wazi.

"Nipe mtoto."

Miwani akampa bila kuuliza. Akafungua kifuniko kidogo cha ubavuni, akatoa betri, akaigusisha ulimi kwenye vichwa vyake viwili kama alivyomfundisha baba yake. Ilimtekenya tu, haikumng'ata.

"Inakata roho," alisema. "Waya ukiwa ndani betri inafanya kazi, hata kama hupigi. Umeuacha humo wiki mbili ukingoja simu yangu."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo hukunizima."

"Sikukuzima."

"Na leo ingekufa tena."

"Wimbo wa tatu, wa nne ukiwa na bahati."

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Ungeniacha tu. Watu wote wangejua umeonewa."

Mitambo aliweka betri mpya, akafunga kifuniko. "Ningeshinda, ndiyo. Halafu saa moja jioni ningekaa na ushindi wangu sebuleni na mama." Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja mara nne na kukisokomeza mahali pake. "Kimepigwa pasi vizuri. Mpe dada pole ya kazi."

Miwani akageuka kwa bendi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini siku hiyo wote walimsikia. "Siku ya walimu nilimtuhumu huyu mbele yenu. Kosa lilikuwa langu. Namwomba radhi mbele yenu vilevile."

Kiongozi akakohoa. "Tupige basi, au mnataka tuwapishe?"

Walipiga nyimbo kumi na mbili. Ule wa mwisho ulianza na besi peke yake, noti nene zinatembea polepole chini ya viti, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akavua viatu ili azisikie kwa nyayo. Ukumbi ulipokuwa unatoka, Kiongozi alipita karibu na Miwani akifuta tarumbeta. "Jumamosi mazoezi saa nane," alisema. "Uje nacho hicho kidude."

Mitambo alikuwa anakunja nyaya. Miwani alichuchumaa mbele yake, kama yeye alivyopiga magoti siku ya kwanza.

"Sitaki kukupigia simu tena," alisema.

Mikono ya Mitambo ikasimama.

"Besi halisikiki kwenye simu, wewe mwenyewe unajua. Nimechoka kukupigia noti nusu. Nataka unisikilize ukiwa chumba kimoja na mimi, siku zote, na ukitaka kunizima unizime kwa mkono wako. Nimtume dada kwa mama?"

Mitambo alimtazama, akatazama na kile kidude mapajani mwake, na kona ya kitambaa cha machungwa iliyochungulia tunduni. Waya bado ulikuwa umechomekwa ubavuni mwake, na shoo iliisha zamani.

"Mtume," alisema. "Ila kwanza chomoa waya."